Hita ya Chumba cha Mama

Jumatatu, 7 Julai

Nimelisha kuku. Nimemtolea Mama kiti juani. Kisha nikakagua mitambo, kama kila asubuhi. Taa za nje zimejizima zenyewe. Pampu imejaza tenki na kusimama yenyewe. Nyumba hii inaendeshwa kwa simu, na simu iko mfukoni mwangu. Dongobesh nzima sijui mwingine mwenye nyumba kama hii. Na kama yupo, basi amejificha.

Vyote vinatii, isipokuwa hita ya chumba cha Mama. Jana usiku haikuwaka. Nilimsikia akikohoa kupitia ukutani. Nikatazama simu, imeandika oflaini. Asubuhi nimempelekea uji mlangoni, joto likanipiga usoni. Hita inawaka kama kawaida. Imeringa usiku, asubuhi imejirudi.

Kitu kidogo. Mimi niliwahi kuwasha katapila machimboni kwa waya wa kuanikia nguo, mzungu mwenyewe akavua kofia. Hita hainisumbui.

Jumanne, 8 Julai

Usiku tena haikuwaka.

Anjela amepiga simu kutoka Dar. Huyu ni binti wa dada yangu Fabiola, ndiye aliyejenga nyumba hii kwa ajili ya bibi yake. Mitambo alifunga yeye na fundi wake, mimi nikiwasimamia. Chumbani kwa Mama kuna kipimajoto kinachompelekea habari mpaka Dar. Amesema, shikamoo mjomba, bibi amelala kwenye baridi kali, ni siku ya tatu sasa, kuna nini? Nikamwambia nimeshaligundua tatizo, nalifanyia kazi. Sikuwa nimegundua kitu.

Niandike vizuri ili niielewe mwenyewe. Hita ni ya umeme yenye mafuta ndani, ina mbavu kama ng'ombe wa kiangazi. Imechomekwa kwenye kidude cheupe. Kidude kimechomekwa kwenye soketi ya ukutani, nyuma ya kitanda. Kidude ndicho kinachosikiliza simu. Ratiba yake, tuliyoiweka Jumamosi baridi ilipozidi, hivi: kinawasha hita jioni, saa kumi na mbili. Saa tatu kinapumzika. Saa nane usiku, baridi inaposhuka, kinawasha tena mpaka kukuche.

Jioni kinatii. Asubuhi kinatii. Usiku tu ndiyo kinakufa.

Mchana Mama akiwa nje nimeingia kukagua. Mtu mzima haingii chumba mama yake alikolala, hata awe injinia. Nasubiri atoke. Swichi ya ukutani imewashwa. Kidude kina taa ya bluu. Kila kitu kizima. Nimekitazama kile kidude kwa muda, nacho kikanitazama.

Jumatano, 9 Julai

Usiku hapana. Kikohozi kimebadilika sauti. Zamani kilikuwa kikavu, sasa kina kitu ndani.

Naogopa. Naandika hapa tu.

Mwezi wa tano Mama alilazwa kwa kichomi. Daktari aliniita pembeni. Alisema mapafu ya huyu mama hayana akiba tena. Asikae kwenye moshi, asilale kwenye baridi. Ugonjwa ukirudi mara ya pili, hawezi kuniahidi kitu. Ndiyo sababu tulimtoa kijijini kwake, Maretadu. Ile nyumba yake ya udongo ina moto katikati tangu nizaliwe, na moshi wake ndio uliopaka kuta rangi. Mama hakutaka kutoka. Mimi ndiye niliyemshawishi. Nilimwambia kule utapata moto usio na moshi, na moto wenyewe mimi ndiye nitakayeuchunga kwa kidole kimoja. Watu wote kwenye kikao cha ukoo walinisikia. Fabiola alinisikia. Alinitazama kwa jicho lile la asiyeamini.

Sasa kidole ninacho na moto hakuna.

Anjela leo ameuliza kama kuna mtu anazima pale ukutani. Nikamwambia nimekagua mwenyewe kwa macho haya, swichi imewashwa. Akasema labda bibi. Nikacheka. Bibi yako, nikamwambia, hata tochi ya simu anaogopa kuigusa. Akaaga. Vijana wa mjini wanapenda kulaumu wazee.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeenda dukani kwa Rajabu, yule anayeuza simu na kutengeneza redio karibu na stendi. Nilitaka kumuuliza kijanja, kama vile tatizo ni la mtu mwingine. Akajua. Akaniuliza mbele ya watu waliokuwa wakichaji simu: "Mzee wa mitambo, si umeweka saa nane ya kwetu? Hiyo kwa simu ni asubuhi."

Wakacheka mpaka mama mmoja anayeuza vitunguu saumu pale nje akaacha kupima. Nikatoa simu, nikamwonyesha. Sifuri mbili, nukta mbili, sifuri sifuri. Usiku wa manane. Sikusoma sana, niliishia darasa la sita, lakini hilo kosa nililimaliza zamani, nilipokuwa nasubiri basi la Arusha na kulikosa. Rajabu akanirudishia simu. Halafu akasema basi ni wifi, ukuta ni mnene, usiku kila mtu yuko mtandaoni, haifiki. Sogeza rauta.

Nimesogeza rauta. Nimeitundika koridoni, mlangoni kwa Mama, kwenye msumari wa rozari. Mama ameuliza kwa Kiiraqw hiyo ni picha ya mtakatifu gani.

Nina uhakika leo itawaka.

Ijumaa, 11 Julai

Haikuwaka.

Mama hajamaliza uji. Amesema una chumvi. Haukuwa na chumvi hata kidogo, nilisahau.

Nimeamua kufuta na kuanza upya. Ndivyo tulivyofanya machimboni, mtambo ukikataa unaufungua wote mpaka unabaki na bolti mkononi. Nikabonyeza kufuta. Ikaniuliza una uhakika. Mimi tena? Nikabonyeza ndiyo.

Imefuta nyumba nzima. Taa, pampu, geti, yote. Pampu ilikuwa inavuta wakati ule, ikaendelea kuvuta bila mtu wa kuiambia acha. Tenki likafurika, maji yakashuka ukutani, yakaingia banda la kuku. Nikakimbia kuichomoa nikiwa na ndala moja. Jioni giza tupu nje. Geti limekwama nusu, mbuzi wa jirani ameingia akala maua ya Anjela.

Nimempigia Anjela. Sikumwambia nimefuta. Nimesema imefutika. Amekaa kwenye simu mpaka chakula chake kikapoa, ananielekeza, bonyeza hapa mjomba, hapana mjomba, rudi nyuma. Hakunigombeza hata mara moja. Afadhali angenigombeza.

Taima zote zimerudi. Tumezijaribu moja moja. Ya hita tumeiwekea dakika mbili, ikawaka, ikazima, ikawaka. Mama alikuwa amekaa kitandani na shuka lake anaitazama, mimi nimesimama mlangoni nimegeukia koridoni. Akasema ina adabu. Anjela huko Dar akacheka kwa furaha. Mimi pia.

Jumamosi, 12 Julai

Usiku haikuwaka. Dakika mbili inaweza, saa nane usiku haiwezi.

Leo sitaki utani. Nimefikiri kama mtu mzima. Kama kidude ndicho mwongo, basi kitoke. Mchana nimeingia, nimekichomoa, hita nimeichomeka moja kwa moja ukutani. Hakuna simu, hakuna wifi, hakuna ratiba. Waya na umeme tu. Hata bibi yangu aliyekufa kabla ya umeme kufika asingeshindwa hiyo.

Nimemwambia Anjela. Amesema sawa kwa usiku mmoja, lakini hita iwe kwenye namba ya chini. Nimeiweka. Jioni imewaka. Mama amesali rozari yake ubavuni mwa hita, amevaa mashuka mawili ya kimasai, miguu imeelekea kwenye joto. Alikuwa na uso wa zamani. Nikamuaga, nikafunga mlango.

Nimemaliza. Kesho baada ya misa nampitia Rajabu.

Jumapili, 13 Julai

Sikwenda kwa Rajabu. Sikwenda hata misa.

Kipimajoto kilishuka usiku kama jiwe kisimani. Anjela aliona huko kwake. Hita iko ukutani moja kwa moja na bado imelala. Na alfajiri imeamka. Nilipopeleka uji ilikuwa ya moto, huwezi kushika.

Nilimuuliza Mama kupitia mlango, usiku ilikuwaje. Akasema baridi. Umeme ulikatika? Akasema mimi sijui mambo yenu ya umeme. Sauti yake imekuwa ndogo.

Friji haikuzimika. Taa za nje hazikuzimika. Chumba kile kimoja tu. Hii siyo hitilafu, hii ina nia. Mimi sijawahi kuogopa kitu kisichoonekana. Bonde la Yaeda nililala peke yangu, simba akaja akanitazama, nikamtazama, akatazama pembeni kwanza yeye. Lakini simba unajua anataka nini.

Mchana nimefungua soketi kwa bisibisi. Nilizima kwanza swichi kubwa. Nadhani nilizima. Umeme ukanirusha mpaka kwenye kabati la Mama, mkono umekufa ganzi hadi sasa, ndiyo maana mwandiko huu. Ndani ya soketi hakuna kitu. Waya safi. Hata panya hajapita.

Nimerudisha vyote kama vilivyokuwa, kidude na hita. Sijui nifanye nini tena. Nimekaa jikoni nikatazama mikono yangu. Mikono mikubwa hii.

Jumatatu, 14 Julai

Homa. Alfajiri sikusikia akikohoa nikafurahi, kumbe alikuwa hana nguvu ya kukohoa. Nimegonga, hakujibu vizuri. Nimeita mke wa jirani aingie. Ametoka anasema huyu anawaka, mpelekeni.

Gari la kukodi mpaka hospitali. Mama amekaa katikati, kichwa begani kwangu. Ni mwepesi kama kapu. Huyu ndiye aliyekuwa anashuka na gunia la mahindi kutoka Maretadu mpaka mnadani na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Hilo siongezi chumvi. Lilikuwa gunia zima.

Daktari ni yuleyule. Ameuliza analala kwenye joto? Nikasema ndiyo, daktari, tuna mtambo wa kisasa. Neno limetoka lenyewe. Kisha nikasema hapana. Nikasema mtambo unakataa usiku. Akanitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Amempiga sindano, ametoa dawa, amesema homa isiposhuka ndani ya siku chache tumrudishe alazwe, na akilazwa safari hii nijiandae.

Nijiandae kwa nini? Simjibu huyo.

Nimempigia Fabiola, yuko Katesh. Amesema nakuja kesho. Akakata.

Jumanne, 15 Julai

Fabiola amefika na basi la mchana. Begi moja, kuku mmoja, uso umefungwa. Nimemsalimia shikamoo, yeye ni mkubwa kwangu, ameitikia akiwa ameshapita kuelekea kwa Mama. Nimesikia wakilia kidogo, kisha wakicheka kidogo.

Atalala naye chumba kimoja. Nimeshukuru moyoni. Sasa kuna macho mle ndani usiku. Nimempa maagizo yote: hita itapumzika saa tatu, itaamka saa nane, isipoamka aniite. Amesema yeye ana miaka sitini, akilala amelala, na saa nane siyo saa ya mtu kusubiri chuma. Nimemwambia chuma kile ndicho uhai wa Mama. Amesema anajua uhai wa Mama ni nini tangu kabla mimi sijazaliwa.

Jioni hita imewaka. Nimekaa koridoni na simu mpaka Mama alipomaliza sala. Kwenye simu nikaona oflaini. Mapema tu, hata saa tatu haijafika. Nikaita kwa sauti, Fabiola, hita iko sawa? Akajibu iko sawa, lala.

Sasa simu inasema haipo, dada yangu anasema ipo. Nimuamini nani?

Jumatano, 16 Julai

Usiku baridi ileile. Homa haijashuka.

Fabiola amenitoa nje mpaka kwenye geti ili Mama asisikie. Amesema kesho kutwa anamchukua. Si Katesh. Maretadu. Anamrudisha kwenye nyumba yake. Nikamwambia daktari amekataza moshi. Akasema daktari alikataza na baridi, wewe ukachagua kumpa baridi. Bora afe kwenye moto wake kuliko asubiri kupona kwenye mitambo yako isiyoponya.

Nikabaki nafunga na kufungua geti kwa simu. 

Nimempigia Anjela, nimemwambia ukweli wote, hata kwamba ni mimi niliyefuta. Amesema alijua. Amesema mjomba, mimi naona tu kwamba kidude kinapotea bibi anapolala na kinarudi anapoamka. Zaidi ya hapo sioni kitu nikiwa huku. Alikuwa analia. Nikamwambia usilie, mimi nipo. Baada ya kukata simu nikafikiri, nipo na nini?

Nimejaribu kusali. Nilianza vizuri, kisha nikajikuta namweleza Mungu habari za katapila.

Alhamisi, 17 Julai

Niandike polepole, nisikose neno.

Asubuhi Fabiola alikuwa jikoni anakoroga uji na kunisema bila kunitazama. Mama amekohoa usiku mzima. Mama ametetemeka. Mama hata hivyo bado ni Mama, hakubali mtu amfanyie kitu. Kule Maretadu, akasema, angalau akifunika makaa kwenye majivu yanakaa mpaka asubuhi, nyumba haipoi. Hapa anafunika na hakuna kinachobaki.

Nilikuwa naosha sufuria. Nikaacha.

"Anafunika nini?"

"Moto," akasema Fabiola. "Si anazima pale ukutani akimaliza sala. Anaamka na jogoo anauwasha."

"Kila siku?"

"Mimi nimelala naye siku mbili. Ndiyo, kila siku."

"Na wewe ukamwacha?"

Akageuka na mwiko mkononi, akanitazama kama mtu asiyenielewa kabisa. "Sasa auache moto wazi watu wamelala?"

Nikakaa chini. Kwenye sakafu, penye maji.

Kwa sababu ni kweli. Mimi pia ndivyo nilivyolelewa. Mwanamke mwenye nyumba ndiye wa mwisho kulala, anasukuma makaa pamoja, anayafunika kwa majivu, ndipo anapanda kitandani. Asubuhi ndiye wa kwanza, anafukua, anapuliza, moto ni uleule wa jana. Sisi tulilala kwa kusikia ile sauti ya majivu yakimwagwa. Usiposikia hulali. Nilimwambia Mama kwa mdomo wangu kwamba huu ni moto. Akautunza kama moto.

Siku zote hizi nimepigana na rauta. Nimesogeza, nimefuta, nimerushwa na umeme. Mtu pekee aliyelala mle ndani sikumuuliza swali la maana. Niliuliza kama umeme umekatika, akasema hajui mambo ya umeme. Amesema kweli. Hakuna aliyemuuliza kuhusu moto.

Fabiola ameelewa baada ya mimi kumweleza hita ni nini. Kwamba ile ikizimwa haiachi makaa. Ameweka mwiko chini. Amesema yeye aliona na akanyamaza.  Hatukugombana tena. Tulikaa jikoni wawili, uji ukaungua.

Jua lilipotoka vizuri nikamtoa Mama nje, nimembeba, kisha nikachuchumaa mbele yake na kumweleza kwa Kiiraqw. Nilitaka kusema usiguse ile swichi. Nilishindwa. Huwezi kumwambia mama wa watoto saba asifunike moto wake. Nikasema tu kwamba moto huu hauna majivu, ukiufunika unakufa wote.

Alitazama kuku wakichakura. Kisha akasema, "Watoto saba, hakuna hata mmoja aliyeungua."

"Najua, Mama."

"Moto ulio wazi unataka mtu. Nani anakaa nao?"

"Mimi."

Akanitazama. Macho ya homa lakini ni yeye mwenyewe. "Wewe ambaye fisi alichukua kondoo na wewe umelala juu ya fimbo?"

Fabiola akacheka puani. Mimi ile habari ya kondoo huwa naisimulia vingine, na fisi wanakuwa watatu. Leo sikuisimulia.

"Mimi, Mama," nikasema.

Akavuta shuka. Akasema hana nguvu ya kubishana, na kwamba kuinama nyuma ya kile kitanda kila usiku kunamuumiza kiuno. Hakuna aliyejua hilo pia. "Basi funika wewe," akasema. "Lakini usife."

Sijui alimaanisha mimi au moto.

Nimempigia Anjela. Alipiga kelele, halafu akauliza swali zuri: bibi anataka nini hasa, uzimwe au upungue? Nikasema upungue. Makaa kwenye majivu hayajazimwa, yamepungua. Akasema basi tumekosea tangu mwanzo, tuliweka zima na washa. Tumeifuta ile ya saa tatu na ile ya saa nane. Hita tumeiweka namba ya chini kabisa, mtu asiizime ukutani, iende usiku mzima mdogo mdogo: chumba kikipoa kidude kinairuhusu umeme, kikipata joto kinaipumzisha. Fabiola alikuwa anasikiliza. Akasema hiyo sasa ni nyumba, na Maretadu hakuitaja tena.

Ijumaa, 18 Julai

Jana baada ya sala nilisimama koridoni. Mlango umefungwa. Mama akauliza kutoka ndani, umefunika? Nikatazama simu. Nikasema nimefunika, Mama. Fabiola amesema alitazama ukutani mara moja, mkono ukatoka kwenye shuka, ukarudi.

Usiku aliamka mara mbili akitaka kufika kwenye swichi. Fabiola akamwambia mwanao yuko nje. Ya kwanza alikubali. Ya pili aliniita kwa jina langu la utotoni. Nikaitika. Akalala.

Nilikuwa pale kweli, kwenye godoro koridoni. Mgongo wangu umekufa.

Homa imeshuka kidogo. Fabiola anasema kidogo sana. Mimi nasema imeshuka. Joto la chumba halikuanguka. Anjela ametuma picha ya mstari wake kutoka Dar, umenyooka kama tuta la shamba jipya. Nimeitazama mara nyingi.

Kikohozi bado. Bado sijamaliza kuogopa. Rajabu amenipigia kuuliza wifi imekubali? Nimemwambia imekubali. Akasema nilikwambia. Nimemwachia.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeamka, kumekucha. Kimya.

Mama huamka na jogoo. Siku zote za maisha yangu sijawahi kuamka kabla yake, hata nilipokuwa na haraka, hata siku ya harusi yangu. Jogoo ameshawika. Ng'ombe wa jirani wameshatoka. Mwanga umeingia chini ya mlango wa koridoni na mle ndani hakuna mtu anayetembea.

Nikasimama mlangoni. Mkono kwenye kitasa. Siwezi kuingia. Fabiola ameenda kuchukua maziwa kwa jirani, kandambili zake hazipo. Sikuita. Nilifikiri nikiita na asiitike, basi itakuwa kweli.

Nikaweka sikio kwenye mbao.

Alikuwa anakoroma. Polepole, kwa mapana, kama mtu mwenye shamba lililolimwa. Nilisubiri ya pili. Ikaja. Ya tatu. Nikakaa palepale kwenye godoro.

Fabiola akarudi, akanikuta, nusura adondoshe kibuyu. Nikaweka kidole mdomoni. Naye akasikiliza. Akakaa chini kando yangu na maziwa yake.

Jua lilikuwa limeshapanda juu ya bati la kanisa. Mama bado amelala. Nikaenda jiko la nje kuwasha moto wa chai. Kuni zilikuwa mbichi kidogo. Nimepuliza mpaka machozi yakatoka, ndipo ukakubali.

Sijui Mama anaweka wapi majani ya chai. Nangoja aamke nimuulize.